Kinga yako haiuzwi kwa chupa: Safari ya askari wa mwili kutoka mfupani

Pita Tom Mboya jioni yoyote, ama fungua TikTok ukiwa kwa matatu, na hutakosa mtu wa kukuuzia "kinga". Ni chupa ya tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Ni poda ya moringa. Ni vidonge vya rangi ya machungwa ambavyo eti vitakupandishia kinga kwa siku saba. Anayeuza huongea ni kama kinga ni chaji ya simu: imeshuka, leta nikuchomekee.

Lakini stori yenyewe sio hiyo. Kinga ya mwili si kitu kimoja kinachopanda na kushuka. Ni seli, mabilioni kwa mabilioni, za aina nyingi, kila aina na kazi yake. Kila moja ina mahali ilipozaliwa, shule iliyosomea na mtihani iliopita. Na karibu zote, ukifuata ukoo wao kurudi nyuma, utafika kwa kundi dogo la seli mama lililojificha ndani ya mifupa yako.

Ukiijua safari hiyo, mambo mengi yatakuingia akilini. Utaelewa kwa nini HIV ikiachwa bila dawa humaliza mtu. Utaelewa kwa nini mgonjwa wa saratani ya damu huulizwa kwanza kama ana ndugu. Na utaelewa kwa nini karatasi ya maabara inaweza kukunyima usingizi bure. Tuanze mfupani.

Mama wa seli zote

Unaijua supu ya mifupa ya kibandaski. Ukimaliza nyama, unagonga mfupa kwenye sahani ili kile kitu laini cha ndani kitoke. Huo ndio uboho. Kwa mtu mzima, uboho wa mifupa mirefu ya miguu umegeuka kuwa mafuta kwa sehemu kubwa. Ule mwekundu unaochapa kazi umekaa kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu, fuvu na mfupa wa kifua. Hapo ndipo kiwanda kilipo.

Kiwanda hakikuanzia hapo. Ulipokuwa bado tumboni mwa mamako, umri wa wiki chache tu, seli mama za damu zilichipuka kutoka kwa ukuta wa mshipa mkuu wa damu. Kisha zikahamia kwenye ini, zikakaa huko miezi kadhaa zikiongezeka, na kabla hujazaliwa zikafunganya tena na kuhamia mifupani. Zimeishi huko hadi leo.

Wataalamu huziita seli shina za damu. Kama shina la mti, matawi yote yanatokea hapo. Seli shina inaweza kufanya mambo mawili ambayo seli nyingine za damu haziwezi. Kwanza, inaweza kujizaa upya, yaani itoe nakala yake ili ukoo usiishe. Pili, inaweza kuzaa watoto wanaogeuka kuwa aina yoyote ya seli ya damu: nyekundu za kubeba oksijeni, vile vipande vidogo vya kugandisha damu ukikatwa, na seli nyeupe ambazo ndizo askari wetu.

Tulijuaje? Rudi Toronto, Kanada, mwaka 1961. Enzi hizo dunia ilikuwa na hofu ya mabomu ya nyuklia, na wanasayansi walitaka kujua mnururisho unafanya nini kwa mwili. James Till alikuwa mwanafizikia, Ernest McCulloch alikuwa daktari. Walichukua panya, wakawapiga mnururisho wa kuua kiwanda chote cha damu, kisha wakawadunga uboho wa panya wazima. Siku kama 10 baadaye walipofungua panya wale, waliona vinundu kwenye wengu. Kila walipodunga seli nyingi zaidi, vinundu viliongezeka kwa kiwango kile kile. Ilikuwa takriban kinundu kimoja kwa kila seli 10,000 za uboho.

Ndani ya vinundu mlikuwa na seli za damu za aina mbalimbali. Miaka miwili baadaye, wakiwa na mwenzao Andrew Becker, walionyesha kwamba kinundu kizima kilitokana na seli moja. Seli moja, kijiji kizima.

Seli hizi ni chache sana. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walisoma alama za jeni katika damu ya mwanamume mmoja mwenye afya aliyekuwa na miaka 59, wakakadiria kwamba seli shina zilizokuwa zikimtengenezea damu ni kati ya 50,000 na 200,000. Kama zingekuwa watu, ungezitosheleza na viwanja vichache vya ukubwa wa Kasarani. Na nyingi zimelala. Hugawanyika mara moja kwa miezi kadhaa, kisha zinarudi usingizini. Kazi ya jasho huachiwa watoto na wajukuu wao, ambao huongezeka kwa kasi ya ajabu.

Njia panda

Mtoto wa seli shina akianza safari, hufika njia panda. Ishara za kemikali kutoka kwa seli jirani ndizo humsukuma upande huu ama ule, na kila hatua anayopiga inafunga milango nyuma yake. Mwanzoni anaweza kuwa chochote. Mwisho anabaki na kazi moja.

Njia ya kwanza huzaa askari wa mtaani, wale wa kukimbia wakiitwa bila kuuliza maswali. Wengi wao ni nutrofili. Uboho wako unatoa nutrofili kama bilioni 100 kila siku, na kila moja inaishi muda mfupi tu, kuanzia saa kadhaa hadi siku chache. Ukidungwa na msumari, ndizo hufika kwanza. Zinameza bakteria, zinamwaga sumu, zinakufa hapo hapo. Usaha unaoutoa kwa kidonda ni mizoga yao. Wenzao, monositi, huingia ndani ya nyama na kugeuka makrofaji, seli kubwa zenye njaa ambazo humeza maadui na pia kusafisha uchafu uliobaki.

Ukipata maambukizi makali, mwili hutuma ujumbe hadi mfupani: leteni wengine, haraka. Kiwanda huongeza kasi na hata kuachilia vijana ambao hawajakomaa vizuri. Ndiyo sababu daktari akiona nutrofili zimepanda kwenye kipimo chako cha damu, hushuku kuna vita mahali.

Njia ya pili huzaa limfositi. Hawa ni wapelelezi. Wanachelewa kufika, lakini kila mmoja amefunzwa kumtambua adui mmoja mahususi, na wakishamjua hawamsahau. Ndio chanjo huwalenga. Wamegawanyika makundi mawili makubwa, B na T, na herufi hizo zina historia yake.

B ni ya kuku

Ukishika kuku na kumchunguza sehemu ya nyuma, juu kidogo ya tundu la kinyesi, kuna kijifuko kidogo ndani. Mwitaliano aliyeitwa Fabricius alikieleza zaidi ya miaka 400 iliyopita, na kwa karne nyingi hakuna aliyejua kina kazi gani.

Miaka ya 1950, mwanafunzi Bruce Glick wa Chuo Kikuu cha Ohio State kule Marekani alikuwa akikata vijifuko hivyo kwa vifaranga aone nini kitatokea. Kwa macho hakuona kitu. Kisha mwanafunzi mwenzake, Timothy Chang, alihitaji kuku wa kufundishia darasa jinsi mwili unavyotengeneza kingamwili, zile protini zinazomnasa adui. Akaazima kuku wa Glick. Wakadungwa bakteria, na kuku wengi waliokatwa kijifuko hawakutoa kingamwili. Somo likaharibika, lakini hapo ndipo mlango ulifunguka. Jarida la Science lilikataa ripoti yao, ikaishia kuchapishwa mwaka 1956 kwenye jarida la wafuga kuku.

Kijifuko hicho kwa Kilatini ni bursa, na ndipo herufi B ilitoka. Sisi binadamu hatuna bursa. Seli zetu za B hukomaa ndani ya uboho wenyewe, kisha huenda kukaa kwenye wengu, tonsili na zile tezi zinazokuvimba shingoni ukiumwa na koo.

Mitumba ya Gikomba

Lakini subiri. Seli ya B ama ya T inajuaje adui ambaye hajawahi kuonekana duniani? Corona ilipofika Kenya Machi 2020, tayari mwilini mwako kulikuwa na limfositi chache zenye umbo la kuinasa. Zilitoka wapi?

Jibu ni bahati nasibu. Fikiria umeenda Gikomba na kuna mafungu matatu: mashati, suruali, viatu. Chukua kimoja kutoka kila fungu bila kuangalia, vaa, ondoka. Watu elfu wakifanya hivyo, hutapata wawili waliovaa sawa kabisa. Seli changa ya B hufanya vivyo hivyo na jeni zake. Ili kuunda sehemu moja ya kingamwili, inachagua kipande kimoja kati ya karibu 40 za fungu la kwanza, kimoja kati ya zaidi ya 20 za fungu la pili, na kimoja kati ya 6 za fungu la tatu. Hapo tu una michanganyiko zaidi ya 5,000. Ongeza herufi za DNA zinazochomekwa ovyo kwenye viungio, ongeza sehemu ya pili ya kingamwili yenye mafungu yake, na hesabu inapita mabilioni.

Mjapani Susumu Tonegawa, akifanya kazi Uswisi, alionyesha mwaka 1976 kwamba jeni hizo kweli hukatwa na kuungwa upya. Mwaka 1987 akapewa Tuzo ya Nobel peke yake. Kabla yake, wengi waliamini kwamba DNA unayozaliwa nayo hukaa vile vile katika kila seli.

Shida ya bahati nasibu ni kwamba inaweza kutoa chochote. Inaweza kutoa askari wa kumpiga kifua kikuu. Inaweza pia kutoa askari wa kukupiga wewe. Kwa hivyo lazima kuwe na mtihani.

Shule ambayo karibu wote hufeli

Nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo, kuna tezi inayoitwa thaimasi. Hadi miaka ya 1960 madaktari wengi waliiona kama makaburi tu, kwa sababu ilijaa limfositi zinazokufa. Mwaka 1961, jijini London, daktari kijana Jacques Miller aliikata kwa vipanya waliozaliwa punde. Vipanya wale walidhoofika, wakapata maambukizi, wakafa. Na walipobandikwa ngozi ya panya mwingine, miili yao haikuikataa hata kidogo. Hawakuwa na walinzi. Thaimasi ndiyo ilikuwa shule, na ndiyo ilizipa seli za T herufi yake.

Seli hizo zinatoka ubohoni zikiwa changa, zinasafiri kwa damu, zinaingia thaimasi na kuchagua mavazi yao ya Gikomba humo. Kisha mitihani inaanza.

Mtihani wa kwanza: unaweza kusoma kitambulisho? Karibu kila seli ya mwili wako hubeba juu yake protini zinazoonyesha sampuli za kilicho ndani. Seli ya T isiyoweza kushika protini hizo haina kazi. Inaachwa ife. Mtihani wa pili ni kinyume: unazishika kwa nguvu kupita kiasi? Basi wewe utageuka uwapige wenyeji. Ikipatikana hivyo, inaamrishwa ijiue, ingawa chache hupewa kazi ya kutuliza wenzao. Ili mtihani uwe wa haki, seli za thaimasi hutoa sampuli za protini za viungo vingine, vikiwemo kongosho na ini, ili mwanafunzi akutane nazo kabla hajapewa bunduki.

Ushawahi kuona usajili wa makurutu wa KDF, foleni imejaza uwanja na wanaochukuliwa wanaingia lori moja? Hapa ni kali zaidi. Kati ya kila seli 100 zinazoanza, zinazofuzu ni kama 5 ama chini. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, na bado niko hapa naandika. Seli ya T iliyofeli haina mpango wa pili.

Mtihani ukivuja, watu wanaumia. Kisukari cha aina ya kwanza, kinachoshika watoto na vijana, hutokea seli za T zinapovamia kongosho. Na kumbuka shule hii ina muda. Thaimasi huanza kunywea ungali mdogo, na baada ya kubalehe mafuta huzidi kuchukua nafasi yake. Sehemu kubwa ya jeshi la T utakalotumia uzeeni imefunzwa ukiwa kijana.

Kiwanda kikivamiwa

Sasa angalia HIV kwa jicho hili. Virusi hivi havipigi mwili popote tu. Vinalenga seli za T zenye alama ya CD4, ambazo ni makamanda: ndizo huamrisha seli za B zitoe kingamwili na askari wengine wasonge. Ukimaliza makamanda, jeshi lipo lakini halina amri. Ndiyo maana mtu huuawa na kifua kikuu ama kuvu, si HIV yenyewe. Dawa za ARV huzuia virusi kuzaana, na mfupa na thaimasi vinapata nafasi ya kujaza pengo. Dawa haikuongezei kinga. Inaacha kiwanda chako kifanye kazi.

Kuna mtu aliyepona kabisa kwa kubadilishiwa kiwanda. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyeishi Berlin, alikuwa na HIV na saratani ya damu. Mwaka 2007, na tena 2008, madaktari waliua uboho wake na kumpa seli shina za mtu ambaye jeni yake haitengenezi mlango ambao aina nyingi za HIV hutumia kuingia. Jeshi jipya likazaliwa bila mlango huo. Aliishi bila HIV hadi 2020, alipouawa na ile saratani iliporudi. Usikimbilie kuomba hivyo hivyo: upandikizaji huu unaweza kuua, na ARV zinakuweka hai bila hatari hiyo.

Kwa saratani za damu, hata hivyo, upandikizaji huo ndio tumaini la wengi. Na hapa ndipo lile swali la ndugu linatokea. Vile vitambulisho vya thaimasi hurithiwa, nusu kwa baba, nusu kwa mama. Ndugu yako wa tumbo moja na baba mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana nawe. Usipompata, unatafuta kwenye rejista za wanaojitolea. Rejista ya Marekani husema Mzungu ana nafasi 79 kwa 100 ya kupata anayefanana naye kikamilifu, na mtu Mweusi 29. Sababu kubwa ni kwamba sisi Waafrika tuna aina nyingi zaidi za vitambulisho, na wachache wetu wamejiandikisha. Kwa miaka mingi, Wakenya wengi wanaohitaji matibabu haya wamelazimika kuchangisha pesa na kupanda ndege kwenda India.

Kuhusu ile chupa

Je, tangawizi na ndimu? Kunywa, koo litafurahi. Lakini hakuna chupa inayoingia mfupani na kuziambia seli shina zizae askari bora. Na hungetaka iwe hivyo. Askari wakiongezwa ovyo ndipo mtu hupata mzio, pumu na magonjwa ya mwili kujishambulia.

Kinachosaidia hakina mng'aro. Kula vya kutosha, maana bila protini na madini ya chuma kiwanda kinakosa malighafi. Pata chanjo, kwa sababu chanjo ndiyo njia ya kuwaonyesha limfositi wako picha ya adui kabla hajagonga mlango. Lala. Jua hali yako ya HIV.

Ile karatasi ya maabara

Limebaki jambo moja, na linawahusu vijana wengi wa hapa kwetu. Unapimwa damu, labda kwa sababu ya kazi ama safari. Matokeo yanarudi na kando ya nutrofili kuna herufi L: ziko chini. Unaingia Google, unatoka ukiwa tayari umejizika.

Pole pole. Viwango vinavyotumika mahali pengi vilipimwa kwa Wazungu. Waafrika wengi, pamoja na wengi wa hapa Kenya, tuna mabadiliko ya jeni yanayoondoa protini iitwayo Duffy kwenye seli nyekundu. Mabadiliko hayo hutukinga dhidi ya malaria ya aina ya vivax, ambayo hutumia protini hiyo kama mlango. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba protini hiyo ikikosekana ubohoni, seli shina huzaa nutrofili zenye tabia tofauti kidogo: hutoka kwenye damu upesi na kuingia ndani ya viungo. Askari wapo. Hawako tu barabarani wakati wa kuhesabiwa. Na watafiti waliopima watu wenye afya kule Kericho, wakachapisha matokeo mwaka 2008, waliona kwamba viwango kadhaa vya damu vyetu havifanani na vya Marekani.

Hiyo si ruhusa ya kutupa karatasi. Nutrofili zinaweza kushuka kwa sababu ya dawa, HIV ama ugonjwa wa uboho wenyewe. Ukiwa na homa isiyoisha, vidonda vya mdomo vinavyorudi ama unavuja damu bila sababu, nenda hospitali leo. Lakini ukiwa mzima wa afya na namba iko chini kidogo tu, muulize daktari maswali mawili: je, vipimo vyangu vya zamani vilikuwaje, na kiwango hiki kilipimwa kwa watu gani?